Uliza Fundi: Snokeli iko juu ya paa, maji yamepitia wapi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: magari ya four-wheel na maji marefu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake liliwahi kunigharimu injini nzima.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya four-wheel, injini ya dizeli ya lita 2.8, silinda nne, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini). Nimefunga snokeli, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini, hadi usawa wa paa. Rafiki yangu anasema sasa naweza kupita maji ya kina chochote ilimradi paa halijazama. Je, ni kweli? Kama bado kuna la kufanya kwenye injini, nianzie wapi?
*Mwenye pikapu*

JIBU: Marahaba. Si kweli, na nakusihi usiingize gari majini kwa kutegemea neno hilo.

Snokeli inauhamisha mdomo wa injini na kuupeleka juu. Lakini kutoka mdomoni hadi tumboni njia ni ndefu: bomba lenyewe, kiungo cha kwenye fenda, mpira unaoingia kwenye boksi la chujio la hewa, boksi lenyewe, kisha mpira unaokwenda kwenye tabo. Kila kiungo ni mahali panapoweza kuwa na upenyo. Upenyo ukiwa chini ya maji, basi huo ndio mdomo wa injini, hata kama snokeli yako imefika mawinguni.

Tupige hesabu. Lita 2.8 ukizigawa kwa silinda nne unapata sentimita za ujazo 700 kwa kila silinda. Tuseme mgandamizo wa injini yako ni 18 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya kumi na nane ya ujazo wake. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 41, yaani hata vijiko vitatu vikubwa vya mezani havijai. Hewa inakubali kubanwa ndani ya nafasi hiyo. Maji hayabanwi. Yakizidi kipimo hicho, pistoni inapanda na kugonga kama imekuta mwamba, na kwa kuwa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) bado inazunguka, kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki: inapinda. Injini ya petroli ina nafasi kubwa kidogo kwa sababu mgandamizo wake ni mdogo, ila usijifariji kwa hilo. Tena, injini kama yako ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 2,800 za hewa kila dakika, kabla hujahesabu msukumo wa tabo. Kwa uvutaji wa nguvu hiyo, tundu dogo linatosha kabisa.

Nalijua hili kwa sababu niliwahi kufunga snokeli kwa mikono yangu mwenyewe kwenye gari la dizeli. Nilikata fenda, nikapaka silikoni, nikakaza klipu moja baada ya nyingine, nikaridhika. Siku ya kuvuka mto nilikaa kiti cha abiria. Maji yalifika katikati ya taa za mbele, na snokeli ilikuwa kavu juu kabisa. Zikiwa zimebaki kama mita nne tufike ng'ambo, injini ilitoa mlio mmoja mzito, "ko!", kama nyundo imeangukia chuma. Kisha kimya, ikawa inasikika sauti ya maji tu ubavuni mwa milango.

Tulipolivuta nje nilifungua boksi la chujio la hewa. Chujio lilikuwa kavu juu, limelowa chini. Nikapapasa sakafu ya boksi kwa kidole, nikakuta kitundu. Kitundu hicho boksi hutoka nacho kiwandani, ni cha kutolea maji ya mvua yanayoingia na hewa, na kwa kawaida huzibwa na kimpira chenye midomo miwili iliyobanana kama mdomo wa bata. Kimpira hakikuwepo. Wakati wa kufunga snokeli sikupapasa pale hata mara moja. Ncha ya kidole changu cha mwisho iliingia hadi kwenye kucha. Nilipofungua injini, konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imepinda, na nilipoisimamisha bega kwa bega na ya silinda ya pili ilikuwa fupi kwa unene wa kucha. Bado ninayo, iko kwenye meza yangu ya kazi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namkabidhi aishike kabla sijampa spana.

Kwa hiyo anzia hapo: boksi la chujio. Litoe, lisafishe, ukague kila pembe yake. Giza likiingia, weka taa ndogo ya betri ndani, funga mfuniko, halafu ligeuzegeuze. Mwanga unapopenya, maji nayo yatapenya. Ule mpira wa kutolea maji uwe mzima, na siku ya kuvuka uzibe kwa kizibo imara. Ukishavuka kiondoe, maana snokeli nayo huingiza matone ya mvua na matone hayo lazima yapate pa kutokea. Angalia pia mpira unaozunguka ukingo wa mfuniko. Ukiwa umekauka na kupasuka, badilisha, hata kama vibanio bado vinabana vizuri.

Ukisharudisha kila kitu mahali pake, fanya jaribio la kuziba mdomo. Washa injini, iache kwenye sailensa bila kukanyaga mafuta. Mwenzako azibe mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao kilichobandikwa mpira laini. Asitumie kiganja wala mfuko wa plastiki, kwa sababu uvutaji ni mkali na mfuko unaweza kumezwa. Injini iliyofungwa vizuri itaanza kukabwa ndani ya sekunde chache, kisha itazima au kukaribia kuzima. Ikiendelea kunguruma kama kwamba hakuna kilichotokea, inapata hewa kwingine, na kazi yako haijaisha. Fuata mpira kwa mpira, klipu kwa klipu. Mimi silikubali gari lishindwe jaribio hili halafu mwenyewe aniambie "lakini limekaza". Ubao umeshatoa jibu.

Jambo la pili ni feni, na wengi hawalifikirii kabisa. Panga la feni likizamishwa huku linazunguka kwa kasi huwa kama panga la boti. Linajivuta mbele, linapinda, na kilicho mbele yake ni rejeta. Nimeona rejeta iliyochorwa duara zima kana kwamba mtu kapita na bikari. Kama feni yako ni ya umeme, chomoa fyuzi yake kabla ya kuingia na uirudishe mara ukitoka. Kama inaendeshwa na mkanda, usikimbilie kuuvua, kwani kwenye injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Hapo dawa ni kupita na mizunguko midogo ya injini na kufunga turubai mbele ya gari, lianzie juu ya boneti lishuke mpaka chini ya bampa. Gari likisogea mbele, turubai linasukuma maji pembeni na kina ndani ya chumba cha injini kinakuwa kidogo kuliko nje. Linafanya kazi wakati gari linatembea tu. Ukisimama, maji yanajaa ndani kama kawaida. Ukifika ng'ambo livue hapohapo, la sivyo injini itachemka.

Umeme nitaupitia haraka. Jua kompyuta ya injini yako imefungwa wapi, maana kwenye baadhi ya magari iko chini, karibu na miguu ya abiria. Soketi zilizo chini zifungue zikiwa kavu, paka grisi ya silikoni kwenye mpira wa kuzuia maji, funga tena. Betri ikazwe isicheze. Alteneta na stata zitalowa, hilo haliepukiki kwenye magari mengi. Kinachoziua zaidi ni tope linalokaukia ndani, hivyo ukifika kwenye maji safi zisuuze bila kutumia mpira wa presha.

Sasa suala la kina. Kila gari lina kipimo chake cha kiwandani. Land Rover Defender ya sasa imewekewa milimita 900, wakati ile ya zamani ilikuwa milimita 500. Ford Ranger ya sasa ni milimita 800. Unimog U 5023, ambalo ni lori lililozaliwa kwa kazi hizi, linafika mita 1.2. Tafuta cha kwako kwenye kitabu cha gari na ukiheshimu. Snokeli haiongezi kipimo hicho, kwa sababu haiondoi maji kwenye difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu), kwenye milango wala kwenye nyaya. Faida yake halisi ni kuilinda injini pale gari linapotumbukia ghafla kwenye shimo, au wimbi linaporuka juu ya boneti.

Vipimo hivyo pia ni vya maji yaliyotulia. Yanayokwenda kwa kasi ni habari nyingine. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuchukua magari mengi madogo, na sentimita 60 huweza kuchukua hata magari makubwa ya aina yako. Kwa hiyo shuka kwa miguu kwanza, na fimbo mkononi, na kamba kiunoni iliyoshikwa na mtu aliye nchi kavu. Ukiona maji yanakuvuta miguu na unahangaika kusimama, gari lisiingie. Ukiweza kutembea bila shida, pita palepale patakapopita matairi, kushoto na kulia, ukipima mashimo na mawe, na uweke alama ya mahali pa kutokea.

Kabla ya kuingia, iache injini kwenye sailensa dakika kadhaa ili tabo na manifoldi ya ekzosi vipoe kidogo, kwa maana chuma chenye moto mkali hakipendi kumwagiwa maji baridi. Weka four-wheel ya lo (ile ya mwendo mdogo wenye nguvu), gia ya pili, ingia polepole, kisha shika mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 5 kwa saa. Mbele ya bampa litajitokeza wimbi dogo, nawe lifuate bila kulipita wala kuliacha likurudie. Usikanyage klachi katikati ya maji, usibadilishe gia, usiachie mafuta. Wanaoingia kwa kasi ili maji yaruke juu wanayapeleka wenyewe kwenye feni, kwenye nyaya na kwenye kila upenyo niliokutajia. Nimewafungulia injini zao wengi, na huzuni yao naijua.

SWALI: Fundi, hongera kwa kazi. Nilivuka mto mara moja tu, maji yalifika juu kidogo ya matairi, na injini haikusumbua hata kidogo. Wiki mbili baadaye nimefungua difu ya nyuma nimekuta mafuta meupe kama maziwa. Sili ni mpya. Maji yameingiaje?
*Dereva wa mizigo*

JIBU: Ahsante. Yameingia kwa kuvutwa, na sili zako huenda hazina kosa.

Difu ikitembea safari ndefu hupata moto. Tuseme hewa iliyo ndani imefika nyuzi 80. Ukaitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa hiyo inasinyaa kwa takriban asilimia 15, na pengo hilo lazima lijazwe na kitu. Kiwandani difu huwekwa kipumulio juu yake, na kama kipumulio kimezama, difu inakunywa maji kupitia hapo. Kama kimeziba kwa tope, difu itavuta kupitia midomo ya sili, ambayo imetengenezwa kuzuia mafuta yasitoke, haikutengenezwa kuzuia maji yasivutwe ndani.

Toa vipumulio vya difu zote mbili, cha giaboksi na cha transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Mahali pake funga mipira midogo inayostahimili mafuta, uipandishe mpaka juu kwenye chumba cha injini, karibu na ukuta wa dashibodi, na miishoni uweke vichujio vidogo. Iache ilegee kiasi mahali ekseli inapopanda na kushuka, isije ikang'oka gari likiyumba. Ukiwa hapo, fuatilia pia mpira wa hewa wa tenki la mafuta, kwa sababu dizeli yenye maji huharibu nozeli. Kwa maoni yangu kazi hii ilipaswa kutangulia snokeli. Ni ya saa chache, na inaokoa vitu vinne kwa mpigo.

Mafuta meupe usiyavumilie hata siku moja zaidi. Mwaga, jaza mapya, endesha kidogo, mwaga tena, jaza. Safari nyingine usisubiri yabadilike rangi. Liache gari lisimame usiku kucha, maji yatatuama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Asubuhi legeza nati ya kumwagia taratibu sana, ukinga kiganja. Kama maji yamo, yatatangulia kutoka. Ukiwa na shaka bado, dondosha tone la mafuta kwenye kibati kilichopashwa moto, mbali na kitu chochote kinachoweza kushika moto. Mafuta safi yatatoa moshi kidogo na kutulia. Yenye maji yatatatarika.

Na magurudumu nayo yana beringi zenye grisi ambazo hupata moto vilevile. Zifungue, uziangalie.

SWALI: Shikamoo. Gari langu ni la zamani, la petroli, lenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi). Nikigusa maji kidogo tu linaanza kukohoa na kuzima. Nifanyeje?
*Mpenda magari ya kale*

JIBU: Marahaba. Badilisha kwanza nyaya za plagi na kofia ya distribyuta kama vina ufa, maana umeme hupenda kukimbilia penye unyevu. Paka grisi ya silikoni ndani ya mipira inayofunika miisho ya nyaya. Kwa kuvuka mara mojamoja, ipo njia ya wazee inayofanya kazi: chukua glovu nene ya mpira, kata ncha za vidole, pitisha kila waya kwenye kidole chake, halafu vuta kiganja cha glovu kiifunike distribyuta. Ukishatoka majini ivue. Usiizibe distribyuta moja kwa moja kwa silikoni, kwa sababu cheche huzalisha hewa kali, na ikikosa pa kutokea hukusanya unyevu na kula chuma cha ndani.

SWALI: Fundi, gari langu la dizeli limezimikia katikati ya maji, limevutwa nje jana. Kaka yangu anataka tulisukume liwake. Nimemwambia asubiri nikuulize.
*Aliyekwama*

JIBU: Umefanya jambo jema sana kumzuia. Usilisukume, usilivute likiwa kwenye gia, na usiguse swichi. Toa waya wa hasi wa betri sasa hivi.

Fungua boksi la chujio la hewa. Kama chujio ni kavu na mpira uliopo baada yake ni mkavu, kuna matumaini kwamba ni umeme tu, lakini bado usiwashe. Mdomo wa ekzosi ukiwa umezama na injini imezima, maji huweza kupanda kwa nyuma na kufika kwenye silinda ambayo valvu yake ya ekzosi imebaki wazi. Chomoa dipstiki uangalie rangi ya mafuta.

Kisha toa plagi za kupasha moto, zote. Shika spana kwenye nati ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono, upande ule injini inaozunguka, taratibu, mizunguko miwili kamili ili kila silinda ipite hatua zake zote. Ikigoma, usilazimishe. Ikizunguka, kata mafuta kwa kuchomoa rilei ya pampu au waya wa kuzimia, rudisha betri, na zungusha stata kwa sekunde chache huku watu wote wamekaa mbali na matundu hayo. Maji yakiwemo yatatoka kwa nguvu kama ya risasi. Rudia mpaka yatoke kavu, halafu dondoshea kila silinda mafuta kidogo ya injini.

Badilisha mafuta ya injini na chujio lake, washa, iache ipate moto, mwaga tena, jaza mapya. Baada ya hapo nakuomba usilirudishe gari kazini kabla ya kupima mgandamizo wa silinda zote nne. Konrodi iliyopinda kidogo hufanya pistoni isifike pale ilipokuwa ikifika, na silinda hiyo itasoma chini kuliko wenzake. Gari litawaka, litatembea, pengine kwa wiki kadhaa, kisha konrodi itakatika ukiwa barabarani na kutoboa bloku. Ukikuta silinda moja imepungua, fungua injini sasa ikiwa bado inatengenezeka.

Wenye Land Rover za zamani, nanyi mmekuwa mkiniuliza kuhusu yale matundu mawili ya chini, moja kwenye nyumba ya klachi na jingine kwenye mfuniko wa mkanda wa taimingi. Ni ya kutolea mafuta yanayovuja, yasiloweshe klachi wala mkanda. Kabla ya maji marefu, tundu la klachi na lile la taimingi yafungeni kwa vizibo vyake vya kukaza kwa kuzungusha. Mkitoka vifungueni siku hiyohiyo, na mtazame kinachodondoka. Maji yakitoka nyumba ya klachi, yaacheni yaishe. Mafuta yakitoka, sili ya nyuma ya krenki au ya mbele ya giaboksi imechoka na inataka kubadilishwa.